Apolena Chini ya Jukwaa

Shemeji yangu Apolena alizungumza kwa kunong'ona maisha yake yote ya utu uzima, na hapa mjini Lhotín hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Watoto waliozaliwa baadaye walidhani ndivyo alivyoumbwa. Sisi wa rika lake tulijua zaidi. Alipokuwa msichana aliimba kanisani, na padri alikuwa akichelewesha baraka ya mwisho kwa makusudi ili amsikie akiimba ubeti mmoja wa ziada. Halafu ikaja ile homa ya koo iliyozunguka mji mzima kabla ya vita na Waprusi. Dada yake Kordula, ambaye sasa ni mke wangu, haikumgusa. Apolena alilala kitandani Kwaresima nzima, na alipoinuka sauti ilikuwa imekwenda. Ilibaki pumzi tu, yenye mkwaruzo kidogo, kama mtu anayefagia chumba cha pili.

Wakati huo alikuwa ameshaposwa. Mchumba wake, Kilián Šindel, alikuwa fundi wa mapipa katika kiwanda cha bia, jitu la mabega mapana lenye sauti nzito ya kutikisa vioo vya madirisha. Watu walikaa wakisubiri kuona kama atakimbia. Siku moja akaingia jikoni kwa baba mkwe na pipa jipya la kabichi begani, akalitua chini.

"Mzee, nimeleta pipa," akasema. "Na mchumba wangu nimekuja kumchukua, kama bado mnanipa."

"Umesikia lakini kwamba hawezi hata kuita kuku?" baba mkwe akamuuliza.

"Kuku nitaita mimi. Mimi nina sauti ya kututosha wote wawili. Yeye kazi yake iwe kunikumbusha maneno, maana hayo ndiyo yanayonipotea."

Tulicheka, na Apolena akacheka bila mlio, mabega yakimtikisika. Ilikuwa kweli. Kilián akishapata wimbo hasahau hata nukta ya muziki wake, lakini maneno humtoka kama maji kwenye kikapu. Basi tangu harusini, kila alipoimba, mkewe alisimama karibu na kiwiko chake akimnong'oneza mstari unaofuata. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na bata bukini, bustani ya plamu nyuma ya nyumba, na nyimbo.

Miaka ilipita, kisha mji ukaingiwa na wazimu wa ukumbi. Wajerumani wa Lhotín walikuwa na klabu yao pale uwanjani, yenye piano na mapazia ya mahameli, na kila majira ya baridi walileta waimbaji kutoka mbali. Sisi tulikuwa tukiimba kwenye vilabu vya bia. Basi watu wakaanza kutoa, huyu matofali, yule mbao za misonobari, mwingine siku zake za kazi, mpaka ukumbi ukasimama kando ya mto, karibu na kiwanda cha bia. Mwalimu Žďárek, aliyekuwa akipiga kinanda kanisani, akatunga opera ya kuchekesha kwa lugha yetu. Alisema tusipoimba kwa ulimi wetu wenyewe, ukumbi huo ni ghala tu.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Msagaji mzee mwenye wivu anamlea binti yatima katika kinu chake cha maji, na anataka kumwoa yeye mwenyewe. Kijana mmoja anamjia binti kwa siri. Msagaji anarudi ghafla, kijana anajificha ndani ya kasha la unga, na mzee analikalia kasha lile lile akiimba jinsi panya wa kinu chake walivyonenepa siku hizi. Kijana anagonga kutoka ndani, msagaji anashangaa panya gani huyu anayebisha hodi, watu wanavunjika mbavu. Kumbe kasha lina mlango mdogo kwa nyuma. Kijana anatokea huko, anazunguka nyuma ya mapazia, na anaingia kwa mlango wa mbele akiwa mweupe wa unga kichwa hadi miguu, akijifanya mzimu wa marehemu babu yake msagaji. Mzee anapiga magoti, harusi inafuata.

Nani mwingine angeimba msagaji kama si Kilián? Kijana alikuwa Ctibor Havránek, karani wa posta, mwembamba, mwenye sauti safi na mashavu ya mtoto. Hedvika wa mwoka mikate aliimba binti. Apolena akawa mnong'onezi. Walimchimbia shimo dogo mbele ya jukwaa, lenye kofia ya mbao kuelekea kwa watu, na humo aliketi akionekana na waimbaji peke yao. Mimi nilipiga fidla ya pili, na kiti changu kilikuwa nyuma ya shimo hilo kabisa. Ubao wa upande wangu haukufika chini, kwa hiyo niliweza kuona mgongo wake na soksi zake, maana viatu alivivua kila mara kwa kuogopa kugonga mbao.

Kasha alilitengeneza Kilián mwenyewe. Hakujua kutengeneza kitu kinachopitisha hewa. Alilibana mbao kwa mbao kama pipa la bia, na Mwalimu Žďárek alipolipapasa akasema, "Kilián, hili ungeweza kulijaza maji."

"Jaza, uone," Kilián akamjibu kwa fahari.

Dalili ya kwanza aliiona Apolena mwishoni mwa kiangazi, na akanyamaza. Kilián alirudi kazini akaketi, akataka kumwambia kuhusu kifaa chake kimoja, kile kisu cha mishikio miwili cha kuchongea mbao za mapipa, ambacho kilikuwa mikononi mwake tangu ujana. Akafungua mdomo, jina halikuja. Akaonyesha kwa mikono. Akatabasamu. Kisha akainuka, akaenda kukishika kifaa chenyewe ukutani, akakitazama muda mrefu, na tabasamu likamwisha taratibu.

Siku nyingine alimwaga chumvi yote ndani ya jiko la moto. Siku nyingine tena walimkuta kwenye njia ya kwenda mji wa Humpolec, amevaa kofia ya Jumapili, akisema anakwenda kumzika mama yake, ambaye tulimzika miaka mingi nyuma. Apolena alitoa sababu kila mara. Amechoka. Amekunywa kidogo. Ni mzaha wake, si mnamjua.

Mazoezini hakuna aliyegundua kitu. Maneno si yalikuwa yakimpotea siku zote? Apolena alimpa mstari, naye akauimba. Tofauti ilikuwa ndogo, na mimi niliiona kwa sababu ya pale nilipoketi. Zamani Kilián alikuwa akimtupia mkewe jicho moja la haraka na kuchukua neno. Sasa aliitazama ile midomo ndani ya shimo kama mtu aliyesikia sauti kisimani, akainama kidogo, akageuza sikio. Na uigizaji wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa umekuwa mzuri mno. Zamani alimcheza msagaji kama mtu mnene anayechekesha. Sasa aliingia jukwaani akinusa hewa, akagusa meza, akagusa kiti, akahesabu magunia kwa kidole, na Ctibor alipomwimbia binti nyuma ya pazia, uso wa Kilián ulipata utulivu ambao sikuupenda.

"Mnaona?" Mwalimu Žďárek alisema huku akisugua mikono. "Huyu hachezi tena, huyu anaishi!"

Jumapili moja ya Oktoba tulialikwa kwa Apolena kula bata. Ctibor naye alikuja, kuleta karatasi za nota zilizosahihishwa. Kilián alimkaribisha vizuri, akammiminia bia, akamkatia paja. Ctibor aliponyoosha mkono kuchukua mkate, Kilián akamshika kifundo cha mkono, akakibana juu ya meza, akawa anamtazama huku akitabasamu.

"Mkono laini," akasema. "Unga haujawahi kuugusa huu."

"Mimi ni mtu wa mihuri na barua, Bwana Šindel," Ctibor akajibu akicheka. "Unga nautia mdomoni tu."

"Unakuja kwangu mara nyingi."

"Ah, mnanialika wenyewe! Basi niachie, nitakula kwa mkono gani?"

Kilián hakuachia. Mkono wa Ctibor ulianza kuwa mweupe, kisha wa zambarau, na kijana bado alikuwa akicheka, akitutazama mmoja mmoja ili tumweleze mzaha uko wapi. Apolena aliinama sikioni mwa mumewe akanong'ona kitu. Vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Baadaye alinifuata bustanini, chini ya miplamu iliyokwisha majani.

"Shemeji, umeona," akasema.

"Nimeona. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia gunia limepasuka ghalani." Alijikunyata ndani ya shali yake. "Siku hizi haitikii jina lake kila mara. Akiwa hivyo, mwite Kilián mpaka kesho, hakusikii. Mwite msagaji, anageuka. Usiku anaketi kitandani, ananiambia nyamaza, panya hao. Nyumba haina panya, shemeji. Nina paka wawili."

"Basi mtoe kwenye hiyo opera."

"Nikimtoa, kitabaki nini?" akauliza. "Akiwa pale juu ana raha. Anajua mlango uko wapi, kiti kiko wapi. Nyumbani hajui. Na ukumbi? Watu wametoa mbao za mapaa yao. Wajerumani wamechukua safu nzima ya mbele. Nani ataimba badala yake, wewe?"

Nilikwenda kwa Mwalimu Žďárek hata hivyo, nikamweleza yote, pamoja na mkono wa Ctibor. Alinisikiliza akiwa amesimama, maana alikuwa na darasa.

"Msanii yeyote mkubwa huchanganyikiwa kidogo kabla ya siku yenyewe," akasema. "Mwache aimbe. Baada ya hapo atapumzika majira yote ya baridi."

Ctibor naye nilimwambia awe mwangalifu. Akanipiga begani. "Mzee Šindel? Yule hawezi kumuumiza hata inzi!"

Siku ya onyesho ilikuwa Jumapili ya Mtakatifu Martin, mwezi wa Novemba, mchana, ili watu wa vijijini wawahi kurudi. Theluji ya kwanza ilianguka tangu alfajiri, nzito na yenye maji, na mto ulikuwa umejaa, wenye rangi ya chuma. Watu waliingia wakikung'uta makoti, harufu ya sufu mbichi na bata wa kuoka ikajaa ukumbini. Safu ya mbele waliketi Wajerumani wa klabu, wamenyooka, mikono magotini, na katikati yao daktari wao, Bwana Reinelt, ambaye hakuwa akijua neno la lugha yetu zaidi ya kuomba ulimi utolewe nje.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kupita ndoto zetu. Hata safu ya mbele ilianza kulegeza mabega. Kilián alikuwa wa kutisha kwa uzuri. Nilimsikia Apolena akimpa kila neno, kila neno kabisa, pumzi yake ikienda bila kukatika kama mvuvi anayevuta kamba ndefu, na mabega yake yalipolegea kidogo mwishoni nilidhani hatari imepita.

Kisha ikaja sehemu ya kasha.

Ctibor aliingia ndani akimrushia Hedvika busu, kifuniko kikashuka. Kilián akaingia kwa mlango wa kinu. Kwa mpangilio alitakiwa kuzunguka mara moja, kuchungulia chini ya meza, kisha kulikalia kasha. Hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kasha, akalishika pembe mbili, akalisukuma kinyumenyume mpaka likagota kwenye nguzo ya ukumbi, ile nguzo ya mwaloni inayobeba paa. Lilikuwa jambo la kuchekesha, jitu linasukuma kasha huku Hedvika amefunika mdomo. Watu wakacheka. Akateremsha komeo, akachomeka kigingi, akakipigilia kwa ngumi. Watu wakacheka zaidi. Ndipo akaketi.

Mlango mdogo wa nyuma ulikuwa umebanwa na nguzo. Nililiona hilo, na mkono wangu ukaendelea kupiga fidla kwa sababu mkono wa mpigaji huendelea.

Akaimba wimbo wa panya. Naapa, hakuna aliyewahi kuimba vile Lhotín wala pengine popote. Aliuimba taratibu, kwa upole, kiganja chake kikipapasa kifuniko. Ctibor akagonga mahali pake panapotakiwa, kwa mdundo. Kicheko. Kisha akagonga mahali ambapo muziki haukutaka kugonga. Kicheko kikubwa zaidi. Mwisho wa wimbo Kilián alitakiwa kuinuka kwenda mlangoni. Hakuinuka. Akaanza upya, ubeti wa kwanza. Mwalimu Žďárek, akidhani ni kwa ajili ya makofi, akainua kijiti chake na sisi sote tukarudi mwanzo pamoja naye.

Kugonga kulikuwa kwa ngumi sasa, ngumi mbili, na miguu. Kasha halikutikisika. Bwana mmoja nyuma yangu alikuwa akilia kwa kucheka, akisema, "Ee Mungu, nisaidie, nitakufa." Hedvika alikuwa amesimama na tabasamu lake la jukwaani, macho yamemtoka.

Nikamtazama Apolena. Alikuwa amekwishaacha kunong'oneza maneno ya wimbo. Alikuwa akiita. Niliona mgongo wake ukijikaza, shingo ikitoka mishipa, taya likifunguka kabisa, na hakikutoka kitu, kwikwi ya hewa tu ambayo mimi niliyekuwa nyuma yake sikuisikia kwa fidla, tarumbeta na vicheko. Akapiga ukingo wa jukwaa kwa kiganja. Watu walidhani ni ngoma. Kilián akaanza wimbo mara ya tatu, na ngumi ndani ya kasha zilikuwa zimepungua, moja, kisha kimya, kisha moja.

Ndipo Apolena akapanda. Mnong'onezi hatoki shimoni, hilo analijua hata mtoto. Alijiinua kwa viwiko, sketi ikanasa msumari ikachanika, akatokea jukwaani kwa magoti mbele ya mji mzima, utando wa buibui kichwani, miguu ina soksi tu. Ukumbi ulilipuka. Hata Wajerumani walikuwa wakijipiga mapaja. Akamkimbilia mumewe, akaushika mkono wake akauvuta. Ilikuwa kama kuvuta nguzo ile ya mwaloni. Kilián alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Mama, leo hatusagi," akamwambia. "Kinu kimefungwa. Nina panya hapa."

Hapo nilikuwa nimekwishatupa fidla, nakanyaga stendi za nota kupanda. Kwa hiyo nilikuwa karibu, nikamsikia Apolena. Hakumwita jina. Hakumsihi. Alimwekea mdomo sikioni kama alivyofanya maisha yao yote, akamnong'oneza:

"Msagaji, maji yamevunja mlango wa kinu. Mto unachukua mbao zako."

Kilián akainuka mara moja. Uso ulimwamka. Akavuka jukwaa kwa hatua za kijana, akapita kati ya mapazia, nikasikia mlango wa nje ukigonga ukuta na baridi ikatupiga.

Mimi na Apolena tulipambana na kigingi mpaka kikatoka. Ctibor alikuwa amejikunja ndani, kucha zinavuja damu, unga umeshikamana na uso wake kwa jasho, midomo ya bluu. Tulipomtoa akaanguka kama nguo. Watu walipiga makofi, wakidhani ndiye mzimu. Makofi yalikufa safu kwa safu, kuanzia mbele, maana walio mbele ndio walioona kucha. Daktari Reinelt alikuwa wa kwanza kuruka jukwaani. Alipiga magoti, akampasua Ctibor kola, akamkandamiza kifua akiongea Kijerumani mfululizo, na hakuna mtu aliyejali ni lugha gani. Ctibor akakohoa unga. Akavuta pumzi ya kwanza kwa sauti kama msumeno. Hedvika akaketi chini akaanza kulia.

"Kilián," Apolena akasema. Alikuwa akitazama mapazia bado yakipepea. "Shemeji, Kilián amekwenda wapi?"

Tulikimbia. Theluji ilikuwa imeshapokea nyayo zake, kubwa, zenye umbali mrefu kati yake, zikishuka moja kwa moja hadi kwenye kizuizi cha maji cha kiwanda cha bia. Alikuwa mtoni hadi kiunoni, katika vazi lake jeupe la msagaji, ameshika ubao wa mlango wa maji kwa mikono miwili. Hakuna kilichovunjika pale. Alikuwa akiung'oa ubao mzima na kutaka kuurudisha, na maji yakampiga kifuani. Apolena alitaka kuingia, nikamshika kiuno. Wafanyakazi wa kiwanda walimtoa kwa kamba na ndoano. Alipigana nao. Alilia kwamba kinu kinakwenda na wao wanamzuia.

Homa ilimwingia kifuani usiku ule ule. Alikuwa na mwili wa chuma, kwa hiyo haikumwua. Ilimwacha kitini kando ya jiko, mwembamba, mikono imetulia magotini kama zana zilizokwisha kazi. Wimbo hakuimba tena. Alimwita mkewe "mama" kwa adabu ile ile, akamshukuru kwa kila kijiko cha supu.

Mji ulisema mengi. Wengine walisema Apolena alijua na akaficha, na mama yake Ctibor alimtemea mate sokoni, mbele ya wauza mayai. Apolena alijifuta kwa ncha ya kitambaa, akasema kwa mnong'ono, "Una haki, mama." Wengine walimfanya shujaa. Hao aliwakwepa zaidi kuliko wa kwanza.

Aliyefika nyumbani kwa Apolena kila Jumamosi alikuwa Ctibor mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Kuimba alikuwa ameacha, na katika chumba chenye mlango uliofungwa hakukaa tena. Posta walimruhusu kufanya kazi dirisha likiwa wazi hata kwenye barafu. Alikuja kumnyoa Kilián. Mara ya kwanza nilikuwepo. Alipaka povu, akanoa wembe kwenye mkanda, akaunoa tena. Kilián akainua kidevu, akafumba macho, akamwachia shingo yote.

"Kijana mzuri huyu," akasema. "Wa nani?"

"Wa posta, Bwana Šindel," Ctibor akamjibu, akaanza kunyoa.

Kilián alifariki kabla ya Pasaka, usingizini, barafu ya mto ikianza kupasuka. Siku ya maziko Apolena alisimama kaburini mpaka watu wakaondoka, kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu, hata dada yake.

"Ningeweza kumwambia moto, shemeji. Ningeweza kumwambia gunia limepasuka, kama siku ile ya bata. Gunia lingempeleka ghalani nyuma ya jukwaa, basi. Yakanijia maji. Maneno yote ya duniani, yakanijia maji."

"Hukuwa na wakati wa kuchagua."

"Nilikuwa nao," akasema. "Wa neno moja tu, lakini nilikuwa nao."

Tulimchukua akae kwetu. Majira mawili ya baridi ukumbi ulikaa na panya, wa kweli mara hii. Kisha Mwalimu Žďárek, nywele zimemwisha kichwani, akaja na opera nyingine, isiyo na kasha wala mto, na hakupatikana mtu wa kunong'oneza. Hedvika mwenyewe ndiye aliyekuja kumwomba, akiwa mjamzito, amesimama mlangoni kwetu hataki kuketi mpaka ajibiwe. Apolena alimenya viazi vyote vya kwenye beseni ndipo akasema atakuja.

Aliwapa maneno yao yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na ilikuwa kazi safi. Watu walicheka. Mimi nilipiga fidla huku nikiutazama mgongo wake. Kila kicheko kilipopanda, mabega yake yalipanda nacho, yakakaa juu mpaka kicheko kiishe. Tulirudi nyumbani watatu, Kordula akatupashia kabichi na nyama. Apolena alikula kidogo. Halafu akauliza kama lango la upande wa mto limefungwa.

Nikamwambia nimelifunga.

"Nenda ukaangalie tena, shemeji," akasema.

Nikavaa koti nikaenda.